Kutoa, Kukabidhi, Kusaliti: Uhakiki wa Kitenzi cha Kiitaliano "Tradire" na Usiku wa Chakula cha Bwana

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia husikika mara kwa mara methali moja ya Kiitaliano, hasa pale mjadala juu ya tafsiri za Biblia unapopamba moto: "Traduttore, traditore", yaani, mfasiri ni msaliti. Methali hii ina ladha katika lugha yake, kwa sababu maneno yake mawili yanafanana kama mapacha. Inapoletwa katika Kiswahili ladha hiyo hupotea, na kinachobaki ni shutuma tupu. Hata hivyo wengi huitumia kana kwamba ni hoja iliyokwisha kuthibitishwa. Huwaambia wanafunzi kwamba Neno la Mungu katika Kiswahili ni kivuli cha lile la Kiyunani, na kwamba mwinjilisti anayelihubiri kwa Kisukuma kijijini amebakiwa na kivuli cha kivuli.

Makala hii inakusudia kuihakiki methali hiyo kwa kukichunguza kitenzi kilichojificha ndani yake, yaani "tradire", kusaliti. Tutaonyesha kwamba historia ya kitenzi hiki haiwaungi mkono wale wanaoitumia methali hiyo kuwadharau wafasiri. Tena, historia hiyo inatupeleka moja kwa moja kwenye meza ya Bwana, kwenye maneno yasemwayo na mchungaji kila anapoutwaa mkate. Tunaandika tukiutazama usharika ulioko Somanda, Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu, ambako swali la nani ni msaliti si swali la kamusi peke yake.

1. Asili ya kitenzi katika Kilatini

Kitenzi "tradire" kimezaliwa na kitenzi cha Kilatini "tradere". Hiki nacho kimeundwa kwa sehemu mbili: "trans", ng'ambo au kuvuka, na "dare", kutoa au kupa. Maana yake ya kwanza basi ni kutoa kitu kikavuka kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Kwa Kiswahili chetu tungesema kukabidhi.

Warumi walikitumia kitenzi hiki katika mambo mengi ya heshima. Katika sheria, "traditio" lilikuwa ni tendo la kumkabidhi mtu mali ili iwe yake. Mwalimu aliyewafundisha vijana elimu alisemwa kuwa ana-"tradere" elimu hiyo. Baba aliyewaachia wanawe desturi za ukoo alifanya tendo hilo hilo. Jemadari aliyeshindwa vitani naye ali-"tradere" mji au silaha zake kwa adui. Katika matumizi yote haya kitenzi chenyewe hakimhukumu mtendaji. Husema tu kwamba kitu kimevuka, na ni mazingira yanayotueleza kama kuvuka huko kulikuwa kwema au kubaya.

Je, Warumi hawakuwa na neno la kusaliti? Walikuwa nalo. Kitenzi chao cha kawaida kwa jambo hilo kilikuwa "prodere", na msaliti aliitwa "proditor". Hili tunaomba msomaji alishike, kwa kuwa ndilo linaloleta swali la makala hii: ikiwa Kilatini kilikuwa na "prodere" kwa ajili ya usaliti, imekuwaje Kiitaliano kikachukua "tradere", neno la kukabidhi, na kulifanya kuwa neno la kusaliti? Wala si Kiitaliano peke yake. Kifaransa "trahir" na Kireno "trair" vimetoka katika chemchemi hiyo hiyo, na vyote viwili vina maana ya kusaliti.

2. Jinsi maana ilivyogeuka

Jibu linapatikana kanisani. Wanazuoni wa kamusi za Kiitaliano hueleza kwamba maana ya usaliti ilitokana na matumizi ya kitenzi hiki katika Injili, kwa habari za Yuda aliyemtia Yesu mikononi mwa adui zake. Kwa karne nyingi Wakristo wa magharibi walisikia hadithi ya Mateso ikisomwa kwa Kilatini, na kila mara kitendo cha Yuda kiliitwa "tradere". Pole pole sikio la waumini likaunganisha neno na mtu. Ule mkono uliokabidhi ukawa mkono uliosaliti, na maana ya zamani ikahamia kwenye maneno mengine, kama "consegnare" kwa kukabidhi na "tradizione" kwa mapokeo.

Lakini upo mlango wa pili ambao maana hiyo ilipitia, nao uko katika bara letu. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru Maandiko ya Wakristo yakusanywe na kuchomwa moto. Katika Afrika ya Kaskazini baadhi ya viongozi wa kanisa waliyatoa mavitabu hayo kwa maofisa wa serikali. Hao waliitwa "traditores", watoaji. Neno hilo likawa tusi kubwa kuliko yote. Shemasi mkuu Caecilian alipowekwa kuwa askofu wa Karthago yapata mwaka 311, wapinzani wake walidai kwamba Felix wa Aptunga, mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono, alikuwa "traditor", na kwa hiyo tendo lake lilikuwa batili. Ndipo ulipozaliwa mfarakano wa Wadonatisti. Sinodi ya Arles ya mwaka 314 iliamua kwamba daraja iliyotolewa na mtu wa namna hiyo haibatiliki kwa sababu yake. Hata hivyo mfarakano haukukoma, na kwenye mkutano wa Karthago wa mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande mbili walikuwa wangali wakibishana.

Katika kumbukumbu za misukosuko hiyo kuna tukio moja linaloangaza somo letu kwa namna ya pekee. Mwezi Mei mwaka 303, katika mji wa Cirta, maofisa waliingia nyumba ya ibada. Mashemasi wasaidizi wawili walikuwa wamekwisha kutoa kitabu kimoja kikubwa. Walipotakiwa kuwataja wasomaji waliokuwa na vitabu vingine majumbani mwao, walikataa. Walijibu kwamba wao si "proditores", na wakawa tayari kuuawa. Watu hao walijua tofauti kati ya kutoa kitu na kumsaliti ndugu. Waliotoa kitabu hawakukubali kutoa watu. Kanisa lililofuata baadaye liliusahau mpaka huo uliowekwa na mashemasi wake wenyewe, likayaingiza makosa yote mawili katika neno moja.

3. Kiyunani na usiku ule

Nyuma ya "tradere" ya Kilatini kuna kitenzi cha Kiyunani "paradidomi", nacho kimejengwa kwa namna ile ile: "para", kwa au kando ya, na "didomi", kutoa. Kinapatikana katika Agano Jipya zaidi ya mara 100, na watendaji wake ni wengi. Yuda anamtoa Yesu kwa makuhani. Makuhani wanamtoa kwa Pilato. Pilato anamtoa asulibiwe (Mt. 27:26). Lakini pia Baba anamtoa Mwanawe kwa ajili yetu sote (Rum. 8:32), na Mwana anajitoa mwenyewe (Gal. 2:20). Baba amemkabidhi Mwana vyote (Mt. 11:27). Mitume nao wanayakabidhi makanisa yale waliyoyapokea. Kitenzi ni kile kile katika sehemu zote hizi. Inafaa kukumbuka kwamba mwinjili Luka, alipotaka kumwita Yuda msaliti bila utata wowote, aliliacha neno hilo akatumia jingine, "prodotes" (Lk. 6:16), na Vulgata ikamfuata kwa kuandika "proditor".

Sasa tuufikie mstari wenye uzito kuliko yote, 1 Kor. 11:23. Hapo Paulo anatumia "paradidomi" mara mbili katika sentensi moja. Kwanza anasema kwamba yale aliyoyapokea kwa Bwana ndiyo aliyowapa Wakorintho. Kisha anautaja usiku ambao Bwana alitolewa. Tendo la Paulo na tendo la usiku ule yameitwa kwa jina moja. Zaidi ya hayo, Paulo hasemi nani alimtoa. Wafasiri wengi wa Maandiko wamesikia hapa sauti ya Isaya 53 katika Agano la Kale la Kiyunani, ambako kitenzi hiki hiki kinatumika kwa Mtumishi ambaye Bwana alimtoa kwa ajili ya dhambi zetu. Kwa hiyo usiku ule si usiku wa Yuda peke yake. Ni usiku ambao Mungu alitoa.

Vulgata iliuhifadhi mlingano huo kwa "tradidi" na "tradebatur". Kiitaliano hakikuweza. Biblia ya Maaskofu wa Italia ya mwaka 2008 inatumia "trasmesso" kwa tendo la Paulo, na "tradito" kwa kilichompata Bwana. Msomaji wa Kiitaliano anasikia kwamba Paulo alipitisha habari na Yesu alisalitiwa, wala hakuna kinachomwonyesha kwamba mambo hayo mawili yanafungwa na uzi mmoja. Martin Luther naye, tusimfiche, alitumia kwa Kijerumani neno "verraten", kusalitiwa. Mwalimu wetu alifasiri vema mengi, lakini hapa alimpa Yuda nafasi ambayo Paulo hakumpa.

4. Kiswahili kimefanya nini?

Hapa ndipo methali ya Kiitaliano inapoanza kuaibika. Biblia ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952 ikiunganisha kazi iliyofanywa kabla yake Mombasa na Zanzibar, inatumia katika 1 Kor. 11:23 maneno "niliyowapa" na "aliotolewa". Mashina ni mawili, lakini yote ni ya jamii moja ya kutoa. Mkristo wa Somanda anayesikia maneno hayo kwa Kiswahili yu karibu zaidi na Paulo kuliko msomaji wa Roma katika lugha iliyozaliwa na Kilatini chenyewe. Mfasiri wetu hakusaliti. Alikabidhi.

Wafasiri hao hao walijua pia mahali pa kutumia neno kali. Yuda anapouliza bei (Mt. 26:15), wanaandika kusaliti, na sawa. Hapo mtendaji anajulikana, na fedha ziko mezani. Tena walipofika Yn. 19:30, mahali Bwana anapoitoa roho yake, walikitafsiri kitenzi kile kile kwa "akaisalimu". Huu ni uteuzi wa ajabu. Kusalimu ni kukabidhi kwa amani, na mwenye kusikia hawezi kudhani kwamba uhai wa Bwana ulinyang'anywa.

Lakini uhakiki wa haki hausifu tu. Katika Mt. 26:2, Bwana anapotabiri kwamba Mwana wa Adamu atatolewa asulibiwe, Union Version inasema "atasalitiwa". Tunaona kwamba hapa wafasiri wamelifunga jambo ambalo Mathayo ameliacha wazi. Yuda bado hajaenda kwa makuhani. Anayesema ni Bwana, tena anasema kama mtu anayelijua kusudi la Mungu. "Atatolewa" lingefaa zaidi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasitumie "kukabidhi" kila mahali, neno lililo karibu kabisa na "tradere"? Sarufi ya Kiswahili inatuzuia. Tukisema "Yesu alikabidhiwa", msikilizaji ataelewa kwamba Yesu alipokea kitu, kama inavyosemwa katika Mt. 11:27. Kauli ya kutendwa ya kitenzi hiki humweka mpokeaji mbele, si kitu kinachotolewa. Kwa hiyo "kutolewa" ndilo neno lililobaki, na si neno la kubahatisha.

Tukumbuke pia kwamba "kabidhi" lenyewe lina historia inayofanana na ile ya "tradere", ila kwa njia iliyopinduka. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kushika na kufumbata. Kiswahili kimelihamishia kwenye kuachilia na kumpa mwingine, ingawa bado twamwita mtu bahili kuwa ni kabidhi. Neno moja lina ngumi iliyofungwa na kiganja kilichofunguliwa. Basi kugeuka kwa maana si laana ya Waitaliano. Ndiyo maisha ya maneno yote ya mikono.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza husema kwamba "aliotolewa" ni neno dhaifu. Timu ya mpira hutolewa mashindanoni, mtu mlevi hutolewa nje ya baa. Je, msikilizaji hatapotea? Tunakiri kwamba neno hili lina kazi nyingi. Lakini usharika una msaada ambao kamusi haina. Washarika wa Somanda huleta matoleo yao mbele ya madhabahu: fedha baada ya msimu wa pamba, mahindi, kuku, mayai. Wanajua kwamba kinachotolewa hapo kimeondoka mkononi mwa mwenyewe, na hakirudi tena kuwa chake. Mhubiri anayeliunganisha neno "matoleo" na neno "aliotolewa" hahitaji maelezo marefu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba tukiliacha neno la kusaliti katika maneno ya kuwekwa kwa Sakramenti, tunaipunguza dhambi ya Yuda. Tunajibu kwamba dhambi hiyo imeelezwa wazi katika Injili nne, wala hakuna anayeifuta. Swali letu ni hili: mchungaji anaposimama mezani, amtangaze nani? Paulo amejibu katika mistari hiyo hiyo kwamba kinachotangazwa ni mauti ya Bwana. Mauti hiyo ina mkono wa Yuda ndani yake, lakini haina asili katika mkono huo.

6. Jambo lililo hatarini

Tumesikia wahubiri ambao, kwa nia njema, hubadili maneno ya Sakramenti na kusema "usiku ule aliosalitiwa". Kisha mahubiri ya Alhamisi Kuu hufuata mkondo huo: yuko Yuda kati yetu, nani ajuaye, kila mtu amtazame jirani yake. Katika nchi ya Wasukuma mahubiri ya namna hii hayaangukii udongo mtupu. Msomaji anazijua habari za mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi katika mikoa ya kanda ya ziwa. Mama mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi alihukumiwa kwa macho hayo. Shauri hilo huanza kwa swali lile lile: nani kati yetu ametuuza? Kanisa likilifanya swali hilo kuwa kiini cha meza ya Bwana, linaichochea kuni ambayo lilitumwa kuizima. Na mama huyo akija kupokea Sakramenti, atatazamwa na macho yale yale yanayomtazama kisimani.

Wadonatisti wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Walianza kwa kuwatafuta "traditores" waliotoa vitabu, wakaishia kwa kuwahukumu watu waliozaliwa miaka mingi baada ya vitabu hivyo kuchomwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 8, linawakataa Wadonatisti kwa jina na kukiri kwamba Sakramenti zina nguvu kwa sababu ya agizo la Kristo, hata zikitolewa na watu waovu. Sisi Walutheri hatuna ruhusa ya kuutafuta usafi wa meza kwa kumsaka msaliti.

Kwa upande mwingine, hatusemi kwamba kukabidhi hakuna hatari. Wasukuma wana desturi ya mtu kumpa mwenzake ng'ombe awatunze. Mtunzaji hunywa maziwa na hutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Mtunzaji akianza kuwauza kama mali yake, tendo la kukabidhi limegeuka kuwa usaliti bila ng'ombe kubadilika hata mmoja. Ndivyo Bwana alivyowakemea waliolitangua neno la Mungu kwa mapokeo waliyoyapokeza (Mk. 7:13), na Kiyunani cha mahali hapo kinatumia kitenzi chetu hiki hiki. Mapokeo na usaliti hukaa jirani. Kinachoyatenganisha ni kama mtunzaji bado anakumbuka mali ni ya nani.

Nassa, iliyoko leo katika Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S., nao wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Makanisa yetu ya Kilutheri pia, Wajerumani walipoondolewa wakati wa vita, yaliangaliwa na wengine kabla ya kuungana kuwa KKKT mwaka 1963. Injili katika nchi hii imevuka mikono mingi na lugha nyingi. Yeyote asemaye kwamba kila kuvuka ni kusaliti, analikata tawi alilolikalia.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu twapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maneno ya Sakramenti tulishike neno "aliotolewa" bila kulibadili, na tuwafundishe wanaoandaliwa kwa kipaimara maana yake. Pili, neno "kusaliti" tuliache mahali pake, yaani, katika kitendo cha Yuda na katika toba ya kila mmoja wetu kwa ajili ya nafsi yake, si katika kumnyoshea jirani kidole. Tatu, wanafunzi wetu wanaotumwa vijijini wakahubiri kwa Kisukuma wasiambiwe kwamba wanalipunguza Neno. Waambiwe kwamba wamekabidhiwa amana (1 Tim. 6:20), na kwamba amana hii ni ya pekee: asiyeitoa kwa mwingine ndiye aliyeipoteza.

Waitaliano na wabaki na methali yao, maana imewafaa kwa utani. Sisi tunao msemo wetu wa wahenga, kutoa ni moyo, na katika usiku ule Mungu aliutoa wote.